Kamati ya Bwawa la Mama

Siku boksi lilipofika, familia nzima ililipokea kwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa jokofu jipya au mkwe mwenye gari. Walilishusha, wakahema, wakalisimamisha barazani mbele ya kiti cha Mama, na Kaka Mkubwa akalipiga kofi la taratibu kama mtu anayemtambulisha mgeni rasmi.

"Mama," alisema, "miguu yako imo humu ndani."

Mama alilitazama boksi. Ubavuni kulikuwa na picha ya bwawa la kuogelea la buluu, si lile la kuchimbiwa shimo bali la kusimamishwa juu ya ardhi kama sufuria ya majitu, na ndani yake watoto wanacheka kwa meno yote. Aliitazama picha, akainamisha kichwa, akaitazama tena. Tangu apigwe na kiharusi, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, kwa hiyo akinuna alionekana anataka kucheka, na akicheka alionekana amenuna. Watoto wake walikuwa wameacha kubahatisha.

"Zuri," alisema mwishowe.

Nyuma ya kiti alisimama Mziwanda, binti wa mwisho, mikono yake imeshika mabega ya mama yake kama usukani. Wengine waliona bwawa. Yeye aliona meza.

Meza yenyewe ilikuwa katika karakana ya kushona sare za shule, ndefu kama vitanda viwili vya bweni vilivyounganishwa, imechubuka kwa chaki na mikasi. Mziwanda alikuwa mkataji pale, na mkataji si mtu wa kuchezea. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea anaiomba radhi shule nzima. Mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita Mama Sare, hakumwachia mkasi mkubwa mtu mwingine yeyote, na Mziwanda alilijua hilo na kulibeba kimoyomoyo kama nishani.

Kisha Mama akaanguka. Kikao kikakaa. Kaka alikuwa na ofisi yake, Dada alikuwa na shule yake, na Mziwanda, kwa maelezo ya Dada, "hakuwa na mtu". Maana yake hakuwa na mume wala mtoto, basi muda wake ulikuwa wa bure kama hewa. Akarudi nyumbani kumtunza Mama, kwa mapatano ya wazi: siku Mama atakapotembea mwenyewe mpaka getini na kurudi, Mziwanda anarudi kazini kwake. Mama Sare naye aliahidi kumtunzia nafasi. "Lakini msimu wa sare ukianza, mwanangu, sikungoji," alisema. "Shule hazifunguliwi kwa ajili yako."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetaja maji. Alisema ndani ya maji mwili ni mwepesi, mguu uliolala unaweza kuamka. Bwawa la umma lilikuwa mbali na Mama hakutaka kutazamwa na watu. Kaka akasema basi, maji yatamfuata mama.

Kamati ya Bwawa iliundwa papo hapo. Kaka Mkubwa, afisa wa ofisi yenye zulia, ambaye kwake jambo lisilo na mwenyekiti halipo, alijiteua mwenyekiti kwa unyenyekevu mkubwa. Dada, mwalimu mkuu msaidizi, akawa katibu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kalamu, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya Dada kalamu akabaki salama. Mziwanda aliteuliwa mjumbe. Katika kamati zote duniani, mjumbe ndiye mtu anayeshika jembe.

Jumamosi ya kwanza walikuja wote: Kaka na mkewe, Dada na mumewe, na wajukuu wasiohesabika kwa sababu hawakutulia. Kaka alizunguka ua mikono nyuma, akasimama, akatangaza:

"Ua huu una mteremko."

Alisema kana kwamba ua ulikuwa umemficha siri hiyo miaka yote. Mtu yeyote aliyewahi kuufagia alijua kwamba mpira ukidondoka mlango wa jikoni unaokotwa getini.

"Tunajaza upande wa chini," Kaka aliendelea. "Kujaza ni rahisi kuliko kuchimba."

Hapo alisema kweli tupu. Shemeji akasukuma toroli, wajukuu wakaurukia udongo uliomwagwa ili kuushindilia, wifi akapiga picha. Jioni palionekana tambarare kama chapa ya pasi. Dada akatuma ujumbe kwenye kundi la familia: kazi ya kusawazisha imekamilika kwa asilimia tisini, pongezi kwa mwenyekiti. Mama alikaa barazani, kilemba cha kijani kichwani, akiwapungia kwa mkono wa kushoto mpaka geti lilipofungwa, na hata baada ya hapo.

Kesho yake Mziwanda alikitoa ndani ya boksi kijitabu cha maelekezo, ambacho hakuna aliyekifungua, maana kamati yenye mwenyekiti haihitaji kijitabu. Kilikuwa na picha nyingi kuliko maneno. Moja ilionyesha mtu akimwaga udongo upande wa bondeni, na juu yake msalaba mwekundu mkubwa. Nyingine ilionyesha mtu huyo huyo, sasa mwenye furaha, akichimba upande wa mlimani. Udongo uliomwagwa jana utadidimia ukibebeshwa maji, bwawa litalala upande, na ukuta utapasuka. Mziwanda aliweka mguu juu ya ile asilimia tisini. Ukazama mpaka kifundoni.

Akaanza upya, peke yake, katikati ya juma. Asubuhi alimwogesha Mama, akamvisha, akaunyanyua ule mguu na kuushusha, akaunyanyua na kuushusha, huku wote wawili wakitazama kwingine. Kisha akatoka uani. Aliutoa udongo wote wa kamati. Akapigilia kigingi katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo akichora duara kwa ncha ya jembe. Akaanza kuula upande wa juu kwa sururu, akitoa nyasi, mizizi na vipande vya vikombe vilivyovunjwa na yeye na ndugu zake walipokuwa wadogo. Aliweka ubao mrefu kutoka kigingini hadi ukingoni, juu ya ubao akaweka pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, na kukitazama kiputo kidogo cha hewa kikisogea ndani ya kioo chake kama mtu asiyejua akae kiti kipi. Palipozidi alikwangua. Akauzungusha ubao kidogo, akapima tena.

Ukweli ni kwamba aliipenda kazi ile. Ilifanana na kukata: unachora mstari, unaondoa kila kisichohitajika, kinachobaki ndicho sahihi.

"Unachimba nini wewe?" Mama aliita kutoka barazani.

"Miguu yako."

"Basi taratibu na hiyo sururu. Usije ukanikata."

Jumamosi iliyofuata Kaka aliukuta upande wa mlimani umekatwa na wa bondeni umeachwa kama Mungu alivyouumba. Alizunguka, mikono nyuma.

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo," alisema. "Tunachimba mlimani, hatujazi bondeni."

Dada akaandika.

"Mwenyekiti ana kumbukumbu nzuri," Mziwanda alisema.

"Mjumbe ana mdomo," Kaka alijibu, akacheka, akaomba chai.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mawe yakatolewa, udongo ukashindiliwa kwa gogo, mchanga laini ukatandazwa na kuvutwa kwa ubao mpaka ukawa kama shuka lililonyooshwa na mwuguzi. Jumamosi moja pima maji ilipitishwa pande zote mbele ya wajumbe, na kiputo kikakaa katikati kila mahali, kimetulia. Mziwanda alipigwa na furaha ya ghafla, akaificha kwa kujifuta jasho. Siku hiyo hiyo asubuhi Mama Sare alikuwa amempigia simu: vitambaa vinaingia si Jumatatu hii bali ile inayofuata, na Jumatatu hiyo nataka nikuone mezani.

"Tusimamishe ukuta," alisema.

Ndipo Mama akainua mkono wa kushoto.

"Pale," alisema. "Naona kama pamebonyea."

Wote wakainama. Pima maji ikawekwa pale. Kiputo kilikuwa katikati.

"Bado naona pamebonyea," Mama alisema.

Kaka angeweza kubishana na kiputo, lakini si na mama mbele ya watu. "Mama ana macho," aliamua. "Jumamosi ijayo tunarudia."

Jumamosi iliyofuata kasoro ikawa kwenye ukingo wa magharibi. "Pananisumbua," Mama alisema. Alikuwa na wajukuu wawili miguuni, mmoja mgongoni mwa kiti, na alikuwa akiwagombeza wote kwa raha kubwa, maneno yakimtoka yamepinda lakini yanafika. Kaka akaahirisha tena.

Mziwanda alimfuata Kaka mpaka kwenye gari. "Kaka, pako sawa. Nimepima mpaka macho yanauma. Keshokutwa natakiwa kazini, na Mama hata hajagusa maji."

"Haraka ya nini? Kazi utapata nyingine. Mama hupati mwingine."

Alisema hivyo mtu ambaye, tangu Mama aanguke, hakuwahi kuchelewa ofisini hata asubuhi moja. Kisha akafunga mlango wa gari kwa upole, kama afanyavyo mtu aliyetoa nasaha.

Jumatatu Mziwanda alipiga simu karakana kuomba wiki moja. Nyuma ya sauti ya Mama Sare mashine zilikuwa zinanguruma. "Haya," Mama Sare alisema. "Njoo utakapoweza." Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mziwanda.

Jumamosi hiyo hakumngoja Mama aone kitu. Walipofika waliukuta ukuta umeshakunjuliwa, wakausimamisha tu na kubana mabomba ya ukingo. Mpira wa maji ulitiririka siku nyingi, na ile wiki aliyoiomba karakana ikapita. Mziwanda mwenyewe alikaza skrubu za ngazi ya plastiki, upande wa kupandia na upande wa kushukia, akazijaribu kwa mkono mpaka akaridhika. Akamshonea Mama gauni la kuogelea kwa kitambaa cha michezo kilichobaki karakana mwaka uliopita, vifungo vikubwa, vyote upande wa mkono unaofanya kazi.

Siku ya uzinduzi wajukuu walifika wameshavaa nguo za kuogelea, maboya viunoni, wakishuka kwenye magari kama bata. Hivyo vyote vilikuwa vipya. Vilikuwa vimenunuliwa mapema. Hakuna aliyekuwa amemletea Mama hata taulo.

Kaka alitoa hotuba. Alishukuru kamati, akashukuru familia kwa ujumla, akasema leo tunashuhudia matunda ya umoja. Kisha Mziwanda akamtoa ndani Mama aliyevaa gauni lake jipya, akiwa amemkumbatia kwapani. Walitembea polepole, mguu mmoja ukipiga hatua na mwingine ukiburutwa, mpaka wakafika kwenye bwawa.

Ukuta ulimfika Mama kidevuni. Pembeni ilisimama ngazi: kupanda, kuvuka ukingo, kushuka.

Maji yalipigapiga ukuta kwa ndani.

"Haya, Mama," Dada alisema. "Weka mguu."

"Upi?" Mama aliuliza.

Kaka alimkonyeza Shemeji, wakamshika Mama huku na huku, wakajaribu kumwinua. Gauni likapanda, mguu uliolala ukagonga ngazi, Mama akatoa mlio.

"Mimi mbuzi?" alisema. "Mnanipakia kwenye lori? Niacheni chini!"

Wakamwacha chini. Mjukuu mmoja akauliza, "Bibi, basi sisi tuingie?"

"Ingieni."

Wakaingia. Bwawa lilijaa kelele na visigino. Na ili haki itendeke, ni lazima isemwe kwamba lilisimama sawasawa kabisa. Maji yalilingana na ukingo duara zima, hayakupotoka hata unywele.

Kikao cha dharura kiliketi pale pale, pembeni ya maji, kikirushiwa matone.

"Hivi kweli hakuna aliyeliona hili?" Dada aliuliza, na macho yake yakapita juu ya wote na kutua kwa Mziwanda. "Wewe ndiye unayekaa naye. Wewe ndiye unayeunyanyua huo mguu kila siku."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Skrubu za ngazi alizikaza yeye. Lakini wiki zote zile alikuwa amekitazama kiputo ndani ya kioo, na nyuma ya kiputo aliitazama meza, na mguu wa mama yake aliushika bila kuutazama.

Kamati iliazimia kwamba bwawa libaki. Kwamba pajengwe njia ya kupandia, itakayochorwa na mwenyekiti akipata nafasi. Kwamba wakati huohuo Mziwanda aendelee kukaa na Mama kwa muda.

"Andika kwamba nimekataa," Mziwanda alisema.

"Kumbukumbu haziandiki hasira," Dada alijibu, akafunga kalamu.

Chumbani Mziwanda alimvua Mama gauni. Lilikuwa kavu isipokuwa mabega, pale wajukuu walipomrushia maji. Alifungua kifungo kimoja, akasita.

"Mama. Wewe ulijua?"

Mama aliangalia ukuta. "Picha ilikuwa kwenye boksi," alisema. "Na ngazi ilikuwa kwenye picha."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Kwa nini hukusema?"

Mama alishika kifungo cha pili kwa mkono wa kushoto, akakifungua mwenyewe. Kiliteleza vizuri. Gauni lilikuwa limeshonwa vizuri.

"Walikuwa wanakuja," alisema. "Kila Jumamosi."

Nje watoto walipiga kelele, mtu akacheka, pengine Kaka.

"Na pale palipobonyea?"

"Hapakubonyea."

Mziwanda alikaa kitandani. "Ile ilikuwa kazi yangu, Mama."

"Najua."

"Mimi je? Mimi sikuwepo?"

"Wewe upo siku zote," Mama alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mwanawe.

Jumapili Mziwanda alituma ujumbe kwenye kundi la familia: kesho naenda kazini, njooni mkae na Mama. Kaka alijibu kwamba wataliangalia. Dada aliweka alama ya dole gumba.

Jumatatu aliondoka mapema. Alimwachia Mama chai kwenye chupa, kopo la haja, simu upande wa kushoto, na akamwomba jirani awe anachungulia. Mama alitaka kiti chake kiwekwe uani, karibu na bwawa. Mziwanda alikiweka. Hawakuagana kwa maneno mengi.

Karakana ilinuka kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Kwenye meza ndefu alisimama msichana mgeni, mkasi mkubwa mkononi, akikata kola. Alikata vizuri. Mziwanda alitazama mstari wake, akatafuta kosa, akalikosa.

"Nilikungoja, mwanangu," Mama Sare alisema bila kusimama. "Nikachoka, na shule zikanishika shati."

"Sasa?"

"Sasa kuna matundu ya vifungo kule nyuma. Ukitaka."

Matundu ya vifungo hupewa wanaoanza. Mashine yake ilikuwa karibu na mlango wa choo, na kila aliyepita aliusukuma mgongo wa kiti.

"Nataka," Mziwanda alisema.

Alikuwa ameshona rundo la kwanza simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Kaka. Aliiacha. Dada. Aliiacha. Kisha ikaja ya Mama. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Umefika?" Mama aliuliza.

"Nimefika."

"Meza yako ipo?"

Mziwanda aliitazama. "Ipo."

"Haya. Vizuri."

"Kaka amekuja?"

"Hajaja. Amesema jioni, akipata nafasi."

"Na Dada?"

"Ana kikao."

"Kwa hiyo uko peke yako, Mama?"

Mziwanda alijua uso wa mama yake ulivyo wakati ule, na kama kawaida hakujua kama ni wa kununa au wa kucheka.

"Sina shida," Mama alisema. "Nina bwawa."

Hakukata simu. Kidole cha kushoto hakikuwa kimezoea kubonyeza kitufe cha kukatia. Lazima simu ilikuwa imewekwa mapajani ikiwa wazi. Mziwanda alisikia kiti kikilia, kisha kikatulia. Akasikia maji, kidogo kidogo, yakigusa ukuta na kurudi.

Mama Sare alipita na rundo jingine, akaligonga juu ya mashine. "Hapa tunashona. Simu baadaye."

"Ndiyo, mama."

Mziwanda aliilaza simu juu ya meza ya mashine, uso chini, bila kuikata. Akasukuma shati lililofuata chini ya sindano na kukanyaga. Tundu lilitoka limekwenda upande. Alilitazama, akachukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja.